Njia Isiyo na Pa Kutua Mzigo

“Bibi, ni nani aliyewaambia watu wa mtaa mzima waseme wana watoto wanne?”

“Usiniangalie mimi. Mimi sikuzaa na mtaa mzima.”

“Bibi!”

“Abee.”

“Hata kinyozi! Kinyozi ana watoto wanne!”

“Basi ana siri kubwa kuliko nilivyomdhania. Mpe hongera yake.”

Mjukuu wangu alibwaga furushi la karatasi kwenye meza ya mama yake, juu ya gauni la mteja lililokuwa likingoja vifungo. Mama yake, yaani binti yangu, ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo sebule yetu ni duka, ni karakana, na mambo yakiharibika ni mahakama. Asubuhi ile ilikuwa mahakama. Binti yangu aliondoa mguu kwenye pedali, akatoa pini mdomoni, akanitazama kwa lile jicho alilolirithi kwangu mwenyewe.

“Mama, umefanya nini tena?”

“Nimefanya wema. Tangu lini wema ukaitwa ‘tena’?”

“Kinyozi hajaoa!” mjukuu wangu alilia. “Anaona haya hata kumnyoa mtoto wa kike! Halafu kila nyumba, Bibi, kila nyumba imejibu kwamba inanunua mahitaji yake soko jipya, na kwamba soko jipya ni zuri sana, halina kasoro. Mwalimu wangu amepita soko jipya kwa miguu yake. Unajua aliwakuta akina nani? Aliwakuta mbuzi wamelala kwenye meza za nyanya! Sasa amenipigia simu, anasema karatasi hizi nimezijaza mwenyewe nimekaa kitini, sikuingia nyumba hata moja. Anasema mimi ni mwongo.”

Katika nyumba hii mwongo ni mimi, kila mtu anajua, na sikupenda cheo changu kiende kwa mtoto ambaye hakukiomba.

Mtoto mwenyewe tunamwita Kwanini. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limeandikwa kwenye vyeti, linapumzika huko. Hili la Kwanini alilichuma kwa jasho lake. Mimi huwaambia wateja wa mama yake kwamba siku ya kuzaliwa, kabla hata hajalia, alimwuliza mkunga kwa nini amechelewa kuvaa glavu, na mkunga aliacha kazi wiki ileile akaenda kufuga nyuki, maana nyuki hawaulizi. Binti yangu hukataa. Lakini yeye siku ile alikuwa amefumba macho, angejuaje?

Alipoanza kutembea ilikuwa shida. Hakuweza kumwona mtu anapita bila kutaka kujua anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini hakupita kule. Siku moja alipotea, tukamtafuta mpaka mama yake akaanza kulia, kumbe amemfuata fundi wa mabomba mtaa wa pili. Tulimkuta amekaa juu ya boksi la spana kama bosi wake, anamwuliza kwa nini maji ya kwao yanakuja jioni na ya kwetu alfajiri. Fundi wa watu alikuwa ameshika kichwa. Babu yake naye, alipoulizwa kwa nini analala mchana, alijibu, “Ili usipate wa kumwuliza.”

Akakua hivyo hivyo, akaenda chuo, akaja kutuambia anasoma jiografia. Nikamwambia, “Mke mwenzangu, jiografia ya nini tena, milima imehama?” Humwita mke mwenzangu kwa sababu babu yake ni mume wetu sote wawili, ingawa soksi zake ananiachia mimi peke yangu nizifue. Akanieleza kwamba iko jiografia ya milima na iko jiografia ya watu: watu wanakaa wapi, wanapita wapi, na kwa nini hapa na siyo pale.

“Kumbe kuna shule ya umbea,” nikasema.

“Ipo, Bibi. Ila umbea wake una utaratibu.”

Nikaona sasa mtoto amefika kwao.

Mtaa wetu uko mgongoni mwa kilima, tena kilima kikali. Kuku wa huku hutaga wakiwa wameegemea ukuta, maana yai likiponyoka linabingirika mpaka sokoni na kununuliwa kabla mwenye kuku hajaamka. Asiyeamini aje awaulize kuku. Soko la zamani liko mbali, njia yake inajikunja kama utumbo. Soko jipya lilijengwa karibu, na barabara yake imenyooka, ina lami, ina ukingo uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi kama soksi za mwanafunzi. Na watu wote tunakwenda la zamani. Ndicho Kwanini alichochagua kukitafiti. Kwa nini mtu aache karibu aende mbali?

Alianza na madodoso. Dodoso ni karatasi ya maswali, chini ya kila swali kuna mstari mtupu unaokutazama. Mwalimu wake aliwafundisha waingie nyumba moja, waruke mbili, ili mtu asiende kwa marafiki zake tu. Utaratibu mzuri, lakini mtaani ulileta balaa. Nyumba zilizorukwa zilinuna. Mama Sufuria, jirani yetu ambaye nusu ya sufuria zake ni zangu, alirukwa. Unafikiri alikubali? Alibeba kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni pa nyumba iliyochaguliwa, akawa anajibu kabla ya mwenye nyumba.

Kila mlango Kwanini alianza kwa kusema, “Una haki ya kutojibu.”

“Kutojibu?” Mama Sufuria alishangaa. “Mwanangu, siku ukiniona mimi nimenyamaza, kaite gari la wagonjwa.”

Sasa, mimi ndiye niliyeulizwa wa kwanza kabisa, kwa mazoezi. Una watoto wangapi? Ninaye mmoja, huyu fundi. Lakini nilitazama ule mstari, mrefu, mweupe, nikaona mtoto mmoja pale atakuwa mpweke. Nikasema wanne. Unanunua wapi mahitaji yako? Nikasema soko jipya, maana ndilo lililotajwa mwanzo na sikutaka kulivunja moyo. Kwanini alicheka, lakini akaandika kama nilivyosema, kwa sababu kwenye kazi yao hairuhusiwi kumbishia anayejibu. Kisha akanishika mkono. “Asante sana, Bibi. Umenisaidia sana.”

Jioni yake nikiwa bombani, wanawake wakanizunguka. Eti huyu mtoto anafanya mtihani? Nikasema mtihani mkubwa, akishindwa anarudi mwanzo. Na majibu yake ni yapi?

Hebu fikiri. Mtihani sote tunaujua: swali, mstari, na mwalimu wa mbali anayeweka tiki au kosa. Mtoto mliyemfuta kamasi nyinyi wenyewe anakuja mlangoni kwako na mtihani wake mkononi, wewe umwachie afeli? Nikawapa majibu yaliyopewa asante. Wanawake wakawapelekea waume zao, waume wakayapeleka kwa kinyozi, na kinyozi, kijana mwenye adabu, akaona haya kuwa yeye peke yake wa kumwangusha mtoto wa watu.

Nilipomaliza kueleza hayo mbele ya mahakama ya sebuleni, binti yangu alikuwa ameinama juu ya cherehani, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia.

“Wa... wanne,” alisema akishika mbavu. “Kinyozi...”

“Mama, usicheke!”

“Sicheki, mwanangu. Sicheki.” Akaanguka kwenye vitambaa.

“Bibi, haukuwa mtihani wa jibu moja! Nilitaka mtofautiane!”

“Ungesema mapema. Kutofautiana ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tulijizuia kwa ajili yako.”

Basi hata yeye kidogo mdomo ukamcheza. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mwalimu wake alikuwa amesema atakuja mwenyewe, atazame kwa macho yake. Asipokuta kazi ya kweli, anamwondoa kwenye utafiti, anarudia mwaka, na kwenye faili lake linabaki neno moja kwamba huyu alighushi. Mtoto ambaye tangu utoto hakuwahi kusema uongo hata wa kujiokoa na kiboko! Nilipomlea nilijaribu kumfundisha, hakushika.

“Basi tuwaulize tena,” nikasema.

“Kwa njia nyingine,” akasema Kwanini, akafuta macho kwa gauni la mteja.

Njia ya kwanza ilikuwa mahojiano, mtu mmoja mmoja, bila karatasi, na simu mezani inasikiliza. Ile simu ndiyo iliyotushinda. Babu yake, ambaye alikuwa mlinzi wa lango mpaka alipostaafu, alipoambiwa sauti yake inarekodiwa aliomba muda, akaenda kuvaa shati la mikono mirefu, akachana ndevu, akarudi, akakohoa mara mbili na kusema, “Wasikilizaji wapendwa.”

“Babu, nimeuliza tu betri za redio unanunua wapi.”

“Kutoka vyanzo vya kuaminika.”

Mama Sufuria yeye simu hakuiogopa. Alipoulizwa kwa nini haendi soko jipya, alianzia kwenye harusi yake. Kwanini alikwenda akiwa na chaji imejaa, akarudi simu imezima na Mama Sufuria bado hajapata mtoto wa kwanza. Lakini mjukuu wangu hakununa. Alisema amepata jambo moja. Watu sasa wanakiri kwamba hawaendi. Kwa nini hawaendi, hapo kila mtu anapepesuka.

Akatukusanya sebuleni, akasema haya ni majadiliano ya kikundi, kila mtu aseme lake na yeye atasikiliza tu. Kumbe kuna watu wanasomea kitu ambacho sisi tunakifanya kila jioni.

“Kule bei mbaya,” akafungua Mama Sufuria.

“Bei umeionea wapi na huendi?” akauliza binti yangu.

“Nimeisikia.”

“Kwa nani?”

“Kwako!”

“Mimi nilisema vifungo! Vifungo, shoga, siyo viazi!”

“Halina kivuli,” akasema kinyozi.

“Lina paa, kaka yangu. Paa zima la bati, kutoka huku mpaka kule.”

“Ndiyo, ila... siyo kivuli cha kawaida.”

“Wauzaji wa kule wana kiburi,” akasema mwingine.

“Yule wa viazi si shemeji yako?”

“Ndiyo maana nakwambia!”

Ilikuwa jioni nzuri sana. Kila sababu iliyosimama iliangushwa na aliyekaa jirani yake. Kwanini alizungusha macho kutoka mdomo hadi mdomo kama mtu anayeangalia mpira, na tulipochoka akainuka, akachukua chaki ya mama yake, ile bapa ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

“Sakafu hii ni mtaa wetu. Nichoreeni mnavyopita. Hakuna jibu baya. Bibi, umesikia? Hakuna jibu baya, kwa hiyo usimpe mtu lako.”

Mama Sufuria alichora wa kwanza. Nyumba yake aliifanya kubwa kuliko hospitali. Njia ya soko la zamani akaichora fupi, imejikunja mara moja tu, na katikati akaweka kitu kinene kama tofali. Kisha akaanza njia ya soko jipya. Akachora, akachora, akapita chini ya meza, akamwambia kinyozi ainue miguu, akatoka mlangoni, na chaki ikamwishia kwenye ngazi.

“Mama Sufuria,” Kwanini akasema taratibu, “mbona njia ya karibu imetoka nje ya nyumba?”

“Ndivyo ilivyo. Ndefu.”

“Lakini kwa miguu ni fupi. Nimepita mwenyewe.”

“Basi ulipita vibaya.”

Akaja mwingine kuchora, na mwingine. Wote waliirefusha ile fupi na kuifupisha ile ndefu. Na wanawake wote, bila kuambiana, waliweka kile kitu kinene katikati ya njia ya zamani.

“Hiki ni nini?”

“Ukuta wa mashine ya kusaga,” nikasema.

“Una nini huo ukuta?”

Tukatazamana. Una nini? Hauna kitu, ni ukuta. Umechakaa, hata rangi hauna. Binti yangu alijaribu, “Basi tu, uko pale.” Nami, nisiyekosa jibu hata nikiulizwa usingizini, siku hiyo nililala mapema nikijihisi mgonjwa.

Asubuhi Kwanini akatangaza, “Leo sitauliza kitu. Nakwenda sokoni na nyinyi, nitabeba kama mnavyobeba.”

“Kichwani?” mama yake akaguta. “Wewe uliyeangusha kikombe kikiwa mezani?”

Nikamzungushia kitenge changu cha zamani kikawa ngata, nikakikalisha utosini mwake, nikamfundisha: shingo iwe ya malkia, kiuno kiwe cha mwizi. Tulipoingia njia ya zamani na karai la viazi kichwani mwake, watoto wa mtaa walitoka nje kushangilia. Alipepesuka mwanzo, kisha akapata mwendo. Tukafika kwenye mashine ya kusaga, wanawake wakasogea ukutani, makarai yakateleza juu ya ukuta, watu wakafuta jasho, wakamaliza habari waliyokuwa wakisimuliana, wakajitwika, wakaondoka. Kwanini naye akafanya kama waliomtangulia. Tulifika nyumbani salama, viazi vyote.

Kesho yake akasema leo soko jipya. Tulikuwa watatu, yeye na karai lake, Mama Sufuria na kapu lake la maboga, na mimi na fungu la mchicha, maana daktari amenikataza vizito na mimi humtii pale anaponifaa. Wauzaji walitupokea kama wageni wa harusi. Mbuzi walitupisha. Tukashika barabara ile iliyonyooka.

Tulipofika kama nusu, Kwanini akasema, “Bibi, shingo. Napumzika kidogo.”

“Pumzika, mwanangu.”

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Lami, ukingo uliopakwa rangi, mtaro. Akageuka mzima, na karai, kama mnara wa taa.

“Wapi?”

“Hapo hapo chini.”

Akachuchumaa, magoti yakigongana, akalibwaga karai barabarani. Viazi kadhaa vikaruka nje na kuanza kurudi sokoni vyenyewe. Akavikimbilia, akavirudisha, akapumua. Kisha akainama kulinyanyua karai. Lilifika magotini. Akajaribu tena, likafika kiunoni, likarudi.

“Mama Sufuria, nitwike.”

“Nikutwike vipi, mwanangu? Nikiinama, maboga yanakwenda!”

“Tua kwanza.”

“Nikitua, na mimi atanitwika nani? Huyu bibi yako na mchicha wake?”

“Bibi, basi nisaidie wewe.”

“Mimi ni mgonjwa wa daktari.”

Tukasimama pale. Mama Sufuria kama nguzo, hawezi kuinama, hawezi kutua, mdomo tu ndio unaofanya kazi. Mjukuu wangu katikati ya barabara na karai lake. Hakuna aliyepita. Mwishowe akatokea kinyozi na kibegi chake cha mashine, akatoka mbio kutusaidia. Alilinyanyua karai vizuri, lakini katika hamu yake ya kusaidia akalitua kichwani mwake mwenyewe, ngata ikabaki mkononi mwa Kwanini, akabaki ametoa macho na hajui alishushe vipi.

“Sasa mimi nafanyaje?” akauliza, sauti nyembamba.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipokaa kwenye ukingo wa barabara. Nikafikiri ameshindwa, sasa atalia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akalala chali kwenye lami safi ya serikali.

“Ukuta! Bibi, ni ukuta!”

“Ukuta gani? Hapa hakuna ukuta.”

“Ndiyo hivyo! Hakuna ukuta!”

“Jua limempata,” Mama Sufuria akaniambia pembeni.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Mtu unapopanda na mzigo peke yako, unatua kwenye ule ukuta wa mashine kwa sababu unakufika kichwani. Unausogelea, mzigo unateleza. Ukishapumzika unaingiza kichwa chini yake, unasimama, umejitwika, humwombi mtu. Njia nzima ya zamani tulikuwa tunakwenda kwa ajili ya ule ukuta na hakuna hata kichwa kimoja kilichojua. Shingo zilijua. Shingo hazina mdomo, na dodoso halina mstari wa shingo.

Usidhani Kwanini aliishia hapo. Wangu hawezi kuridhika na kwa nini moja. Alisema jambo likionekana mara moja tu bado ni hadithi, akanitazama aliposema neno hilo, akaenda kukaa karibu na mashine ya kusaga asubuhi nzima na mwavuli wa mama yake. Akaona waliokuja peke yao wote wanatua pale, na waliokuja na wenzao wanapita tu, maana wana wa kuwatwika. Akahamia barabara mpya. Wachache wanaoitumia ni wenye baiskeli, wenye mkokoteni, na wanaobeba vitu vya mkononi. Kisha akarudi kwa wanawake wa bombani na swali moja: ukiwa peke yako na mzigo umekuchosha, unafanyaje? Safari hii kila mmoja alijibu la kwake, wakabishana, wakaoneshana kwa ndoo, na wawili wakalowana.

Akampigia mwalimu wake, spika imewashwa, sisi tumebana pumzi kama tuko kwenye upasuaji.

“Ukuta?” sauti ikasema, ya mama mtu mzima, kavu. “Msichana, kwanza uliniletea kinyozi mwenye watoto wanne. Leo unaniletea ukuta?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Mbona hakuna hata mmoja aliyekwambia kwenye dodoso?”

“Hawakuwa wanajua, Mwalimu. Nami nisingejua. Nimebeba.”

“Nakuja kesho. Usimwandae mtu.”

Kesho yake Kwanini aliondoka mapema kwenda kumpokea kituoni, uso umemnyooka, hata chai hakuimaliza. Nasi tukajaa sebuleni kumngoja. Binti yangu alishona tako la suruali mara mbili mahali pamoja. Babu alivaa shati lake la mahojiano. Dirishani hakuna aliyetokea, na jua lilizidi kupanda, na kila mtu akaanza kufikiri lile ambalo hakutaka kulisema.

“Labda mwalimu amekataa kuja,” akasema kinyozi.

“Nyamaza wewe, baba wa watoto wanne,” Mama Sufuria akamkata. “Jamani, tukubaliane. Akiuliza—”

“Hatukubaliani kitu!” binti yangu akapiga meza. “Kukubaliana kwenu ndiko kulikotufikisha hapa!”

“Basi tukubaliane tutakavyotofautiana. Mimi nitakuwa na watoto wawili, wewe mmoja, kinyozi—”

“Mimi sina mtoto, Mama.”

“Huna? Na wale wanne atauliza wamekwenda wapi!”

“Mwambie wako kwa bibi yao,” nikasema.

“Mama! Semeni ukweli, basi! Kila mtu ukweli wake!”

“Na ukweli ukifanana?” Mama Sufuria akauliza, na kweli, ukifanana atasema tumeupanga.

Niliona nyuso zinaanguka moja baada ya nyingine, nikajua kazi yangu imefika. Nikavuta kigoda katikati.

“Msihangaike. Mwalimu akija mniachie mimi. Nitamweleza habari za bibi yangu mimi, aliyekwenda kuchukua jiwe la kusagia, akajitwika, akaanza kurudi. Njiani hakuna ukuta. Akasema nitatua mbele. Mbele hakuna. Akaolewa na jiwe kichwani. Akazaa na jiwe kichwani. Watu wakamzoea hivyo, mfupi, mpana, wakadhani ndivyo alivyoumbwa. Mpaka siku moja akapata ukuta. Ukuta mzuri, wa kimo chake. Akausogelea, akainamisha kichwa, jiwe likateleza. Sasa shingo yake, baada ya miaka yote ile, ikaanza kutoka. Ikatoka, ikatoka, ikafika darini, bibi yangu akainua mkono kushika boriti, na pale juu ya boriti akaona—”

Mlangoni kukaingia karai la viazi.

Liliingia kwa kuinama, likagonga kizingiti kidogo, na chini yake kulikuwa na mama mmoja mnene wa miwani, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola ya blauzi yake nzuri, viatu vya kisigino amevishika mkononi. Vumbi la barabara ya soko jipya limempanda hadi magotini. Nyuma yake alisimama Kwanini, mikono ameiweka mgongoni kama mtu aliyekatazwa kusaidia, anauma midomo, mashavu yamemvimba kwa kicheko alichokizuia tangu sokoni.

Mama wa miwani alitutazama mmoja mmoja, kwa macho tu, maana shingo haikugeuka.

“Nitueni, jamani,” alisema. “Nimetafuta njia nzima pa kutua, sikupaona. Nitueni kwanza, halafu mtu amwambie huyu msichana aanze kuandika.”